Je, Wajua? Ufa Uliojificha Chini ya Bahari ya Mafia

Je, wajua kwamba tetemeko lililowatoa watu ghorofani Dar es Salaam usiku wa Jumatano, Agosti 12, 2020, lilianzia baharini upande wa Mafia? Ilikuwa saa 2 na dakika kama 13 usiku. Ukubwa wake ulipimwa kuwa takriban 6.0, na kitovu chake kikawekwa kama kilomita 80 kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, yaani majini, kati ya jiji na ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia. Lilisikika Zanzibar, likasikika Mombasa, na hata Nairobi wapo waliolihisi. Jijini watu walijazana nje ya majengo, simu mkononi, kila mmoja akimuuliza mwenzake kama naye kasikia.

Je, wajua kwamba pamoja na hofu yote ile, tetemeko la namna hiyo si jambo la nadra duniani? Kila mwaka dunia hupata zaidi ya matetemeko 100 yenye ukubwa wa kati ya 6.0 na 6.9. Mengi huangukia baharini au nyikani, hayaandikwi na gazeti lolote.

Je, wajua kwamba tarakimu ya ukubwa haikuambii ufa umeteleza kiasi gani? Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo. Ukubwa tunaotangaziwa siku hizi hutokana na vitu vitatu vilivyozidishwa pamoja: ugumu wa mwamba, eneo la ufa lililofyatuka, na umbali ambao upande mmoja wa ufa umesogea ukilinganishwa na wa pili. Umbali huo tuuite mtelezo. Hesabu hiyo ililetwa na Mjapani Keiiti Aki mwaka 1966, alipokuwa akichunguza tetemeko la Niigata la 1964. Sasa chukua tetemeko la 6.0 kama lile la Mafia. Ikiwa kipande kilichofyatuka kilikuwa na urefu wa kilomita 10 na upana wa kilomita 10, mtelezo unatoka kama sentimita 40. Ikiwa kipande kilikuwa kidogo, kilomita 6 kwa 6, mtelezo unavuka mita moja. Ukubwa ni uleule, 6.0 ileile ya kwenye taarifa ya habari, lakini ni matukio mawili tofauti kabisa huko chini. Kazi ya kuunda modeli ya mtelezo ni kutafuta lipi kati ya hayo ndilo lililotokea, na sehemu ipi ya ufa iliteleza sana, ipi kidogo, ipi haikutikisika.

Je, wajua kwamba hatua moja kwenye kipimo cha ukubwa ni nishati mara 32 hivi? Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa vyombo katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lilitokea Tanzania, upande wa Rukwa, Desemba 13, 1910, wakati huo tukiwa chini ya Wajerumani. Ukubwa wake ulikadiriwa kuwa 7.4. Piga hesabu: nishati yake ni zaidi ya mara 120 ya lile la Mafia. Ajabu ni kwamba la Mafia limezungumzwa zaidi. Lilipita karibu na jiji lenye mamilioni ya watu na mitandao ya kijamii. La Rukwa lilikuwa na misitu, vijiji na wamisionari.

Je, wajua kwamba ufa wenyewe huenda ulimaliza kazi yake kwa sekunde nne tu? Mpasuko hukimbia kwenye ufa kwa mwendo wa kama kilomita 2.5 hadi 3 kwa sekunde. Kilomita 10 zinakwisha kabla hujamaliza kusema Bismillahi Rahmani Rahim mara mbili. Mbona basi waliokuwa ghorofani walitikisika muda mrefu zaidi? Kwa sababu mawimbi yanapofika yameshatawanyika: mengine yamepita njia ya mkato, mengine yamezunguka, mengine yamenaswa kwenye udongo laini wa pwani yakawa yanarudi na kurudi. Na jengo refu nalo lina yumbo lake.

Kwa kulinganisha, tetemeko la Sumatra la Desemba 26, 2004, lile lililoleta tsunami hadi kwetu, lilipasua ufa wenye urefu wa kama kilomita 1,300, na mpasuko ule ulichukua takriban dakika 8 hadi 10.

Je, wajua kwamba unaweza kukadiria umbali wa tetemeko ukiwa umekaa sebuleni? Mawimbi huja kwa makundi mawili. La kwanza ni la haraka, husukuma na kuvuta, na mara nyingi husikika kama kishindo au mngurumo. La pili huchelewa, huyumbisha ubavuni, ndilo linalomwaga chai. Hesabu sekunde kati ya hayo mawili, zidisha kwa 8, utapata kilomita zinazokaribia ukweli. Kwa tetemeko la Mafia, mtu wa Dar es Salaam alikuwa na sekunde kama 10 kati ya kishindo na yumbo. Wengi walizitumia kuulizana.

Je, wajua kwamba wimbi la kwanza kabisa husema upande gani mwamba umesukumwa? Kuna vituo vya kurekodi matetemeko ambavyo sindano huanza kwa kupanda juu, na vingine huanza kwa kushuka chini. Ukiviweka kwenye ramani, dunia inayozunguka kitovu inagawanyika robo nne: mbili zimesukumwa, mbili zimevutwa. Mistari inayotenganisha robo hizo ni miwili, na mmojawapo ndio ufa. Upi? Vyombo vilivyo mbali havisemi, maana nyufa hizo mbili zinazowezekana hutoa mawimbi yanayofanana. Nchi kavu mtu huenda kutazama ardhi iliyopasuka, akamaliza ubishi. Chini ya bahari ya Mafia hakuna wa kwenda kutazama.

Je, wajua kwamba nadharia inayotumika hadi leo ilizaliwa kwenye uzio wa mashamba? Baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, wapimaji ardhi waliona uzio na barabara zilizokuwa zimenyooka zimekatika, kipande kimoja kimehama mita kadhaa kutoka kwa kingine. Harry Fielding Reid akachukua vipimo vya kabla na vya baada, akaeleza kuwa mwamba hupinda polepole kwa miaka mingi, kisha ufa unaachia na pande zote mbili zinarejea kwenye unyoofu wake. Aliandika hayo 1910, mwaka uleule wa tetemeko la Rukwa.

Je, wajua kwamba namba tisa zinatosha kueleza ufa mzima? Mjapani mwingine, Yoshimitsu Okada, alichapisha mwaka 1985 kanuni ambazo kila mwanafunzi wa fani hii huzikuta kwenye kompyuta yake. Unaipa programu mahali ufa ulipo (namba mbili), kina chake, uelekeo wake kwenye dira, mwinamo wake, upande ambao mwamba umeteleza, urefu, upana na kiasi cha mtelezo. Nayo inakurudishia jinsi uso wa ardhi utakavyoinuka, utakavyoshuka na utakavyosogea. Mtafiti hubadilisha namba hizo maelfu kwa maelfu ya mara, kila mara akilinganisha jibu la programu na kilichopimwa uwandani, hadi viwili hivyo vipatane.

Kisha huja hatua ya pili, na mtu wa Mafia ataielewa upesi maana inafanana na kusuka mkeka. Ufa haufikiriwi tena kuwa kipande kimoja kilichoteleza sawasawa. Unagawanywa vijiraba vingi, na kila kijiraba kinatafutiwa mtelezo wake. Shida ni kwamba vijiraba ni vingi na vipimo ni vichache. Kompyuta ikiachiwa huru italeta jibu la kichaa: kijiraba hiki mita tano, jirani yake sifuri, cha tatu kimerudi nyuma. Hesabu inakubali, mwamba haukubali. Kwa hiyo mtafiti huweka sharti kwamba majirani wasitofautiane kupita kiasi. Sharti hilo likizidi, picha inakuwa laini mno na kila tetemeko linaonekana kama jingine. Ndiyo maana ukiona ramani yenye rangi nyekundu katikati na buluu pembeni, yenye kichwa cha maneno kuhusu mtelezo wa ufa, usiichukulie kama picha ya kamera. Ni hoja iliyochorwa, na wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutoa ramani mbili zisizolingana za tetemeko lilelile.

Je, wajua kwamba setilaiti iliyo mamia ya kilomita angani huweza kuona ardhi ikishuka sentimita chache? Rada yake hupiga mahali palepale kabla na baada ya tetemeko, kisha mawimbi yaliyorudi yanalinganishwa. Tofauti huonekana kama mikanda ya rangi inayojirudia. Kwa setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa Aprili 2014, kila mkanda mmoja ni ardhi iliyosogea kama sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuondoka kwake. Unahesabu mikanda, basi. Njia hiyo iliushangaza ulimwengu mara ya kwanza kwa tetemeko la Landers, California, la Juni 1992, ambalo picha yake ilitoka katika jarida la Nature mwaka uliofuata.

Je, wajua kwamba Tanzania imetoa mojawapo ya mifano ya kusomwa duniani kote katika kazi hii? Julai 2007 ardhi ilianza kutikisika karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima Gelai. Mitikisiko ilifuatana siku baada ya siku, na mkubwa wake, wa 5.9, ulitokea Julai 17. Nairobi watu walitoka maofisini. Picha za rada zilipopatikana, timu ya Eric Calais, ambamo walikuwamo watafiti wa Kitanzania kama Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi, ilitengeneza modeli na kugundua jambo ambalo mitikisiko peke yake isingelisema. Ufa ulikuwa umeteleza kwa siku kadhaa, polepole, na sehemu kubwa ya mtelezo huo haikutoa mtetemo wa kuhisiwa na mtu. Baadaye magma ikajipenyeza chini ya ardhi kwenye mpasuko wima, ikiupasua mwamba bila kufika juu. Makala ilitoka Nature mwaka 2008. Mapema Septemba 2007, Ol Doinyo Lengai, jirani wa Gelai, ulilipuka kwa kishindo na kurusha majivu juu.

Yaani ufa unaweza kutembea kimyakimya. Mtu anayehesabu matetemeko tu atadhani hakuna kinachoendelea.

Je, wajua kwamba Desemba 2009 ufa uliofyatuka mpakani kwetu haukuwa ule ambao kila mtu alikuwa akiuangalia? Upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa kuna kuta za milima ya Livingstone, ufa mkubwa unaoonekana hata na mtoto. Matetemeko yakaja ng'ambo, Karonga nchini Malawi: manne makubwa ndani ya wiki mbili, la mwisho likiwa la 6.0 siku ya Desemba 19. Watu wanne walifariki na nyumba nyingi za matofali zikabomoka. Rada ilionyesha kuwa mtelezo ulikuwa wa juujuu, kwenye nyufa ndogo zilizo katikati ya bonde, wala si kwenye ukuta wa Livingstone. Baada ya hapo, wanaochora ramani za hatari hawana udhuru wa kuangalia milima mirefu tu.

Na Kagera? Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu 15 na kuharibu maelfu ya nyumba Bukoba na vijijini. Ukubwa wake unalingana kabisa na wa Natron 2007 na unakaribiana na wa Mafia 2020. Lakini la Kagera lilitokea kina cha kama kilomita 40. Ufa wa kina hicho haupasui ardhi juu, na alama inayobaki usoni ni ndogo sana, ngumu kwa rada kuisoma. Tetemeko la Mafia lenyewe lilipimwa kuwa na kina cha kama kilomita 15. Kwa kina hicho, kama lingetokea chini ya Morogoro, tungetarajia setilaiti kuona kitu.

Lakini lilitokea chini ya maji, na hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Je, wajua kwamba rada ya setilaiti haioni chini ya bahari hata mita moja? Mawimbi yake hurudi kutoka usoni mwa maji, na uso wa maji haukai sekunde mbili bila kubadilika. Kwa hiyo njia iliyofanya kazi vizuri Natron na Karonga haina la kusema juu ya bahari iliyo kati ya Mafia na Dar es Salaam. Kinachobaki ni mawimbi ya tetemeko lenyewe na nchi kavu iliyo karibu. Na nchi kavu iliyo karibu ni Mafia.

Je, wajua Mafia ilisogea kiasi gani usiku ule? Kwa hesabu ya juujuu, tetemeko la 6.0 likitokea kilomita 35 kutoka ulipo, ardhi unayokanyaga huhama kama milimita 2 au 3 na kubaki hapo. Ncha ya kaskazini ya kisiwa, upande wa Bweni na Ras Mkumbi, iko takriban umbali huo. Dar es Salaam haifiki hata milimita moja. Kituo cha GPS cha kitaalamu, kile kinachosimikwa kwenye mwamba na kurekodi usiku na mchana, huweza kuinasa milimita 2 au 3 kwa taabu, kikiwa na vipimo vya miezi ya kabla na baada. Simu yako haiwezi. Yenyewe hukosea kwa mita.

Wajapani walipochoka na tatizo hili walishuka nalo baharini. Huweka vifaa vya sauti kwenye sakafu ya bahari, meli yenye GPS inakuja juu yake na kuongea navyo kwa milio, na tofauti ya muda inatoa mahali kifaa kilipo. Baada ya tetemeko la Tohoku la Machi 2011 kifaa kimoja kilikutwa kimehama mita 24. Ni kazi ya gharama kubwa. Sitarajii kuiona katika bahari ya Mafia hivi karibuni, na sidhani tuanzie huko.

Je, wajua kwamba tunaijua miamba iliyo chini ya bahari yetu kwa sababu ya watafuta mafuta? Katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilichimba kisima kirefu Mafia. Gesi ilipatikana Songo Songo, kusini mwa Mafia, mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Meli za utafutaji hufyatua mapigo ya hewa iliyoshindiliwa majini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye tabaka za miamba, kilomita kadhaa chini. Kwenye michoro ya mwangwi huo nyufa huonekana wazi, tabaka limekatika hapa na limeshuka pale. Mwaka 1986 Daniel Mougenot na wenzake waliandika katika Nature kwamba Bonde la Ufa haliishii nchi kavu, bali lina tawi linaloendelea baharini. Mbele ya kaskazini mwa Msumbiji lipo bonde zima chini ya maji, Bonde la Kerimba.

Je, wajua kwamba kuna bamba la gandunia lililopewa jina la mto wetu wa kusini? Linaitwa Rovuma. Ni bamba dogo, lenye kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, limebanwa kati ya bamba kubwa la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki. Saria na wenzake walichapisha mwaka 2014 mwendo wa mabamba haya kwa kutumia GPS. Upande wetu wa bahari mwendo ni mdogo, haufiki hata milimita chache kwa mwaka. Usiudharau. Ufa unaokusanya milimita 1 tu kila mwaka unahitaji miaka 400 kupata sentimita 40 za kutumia kwa sekunde nne. Kwa hiyo kusema kwamba babu zetu hawakuwahi kuona tetemeko hapa si ushahidi wa usalama.

Je, wajua kwamba Mto Rufiji nao unachangia kuficha? Delta yake inatazamana na Mafia, na imekuwa ikimwaga tope baharini kwa mamilioni ya miaka. Ufa unaosogea polepole kuliko tope linavyoshuka hauachi ngazi kwenye sakafu ya bahari. Hufukiwa kabla haujaonekana.

Wanaofika Kua, mji wa kale kisiwani Juani, huziona kuta zilizopasuka na kuuliza kama ni tetemeko. Hapana. Mji ule ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, kisha mizizi ya miti ikamalizia.

Je, wajua kwa nini tetemeko la 2020 halikuleta tsunami? Mtelezo wa sentimita 40 au hata mita moja, kina cha kilomita 15, kwenye kipande cha kilomita 10, hauinui sakafu ya bahari kiasi cha kusukuma maji mengi. Kwa kawaida tsunami inahitaji tetemeko la zaidi ya 7, lililo karibu na sakafu, lenye mtelezo wa kupandisha au kushusha. Lile la 2004 lilikuwa zaidi ya 9, na ingawa lilianzia upande wa pili wa Bahari ya Hindi, watu wasiopungua 10 walipoteza maisha Tanzania. Wavuvi wa Jibondo na Kilindoni, bahari ikirudi nyuma ghafla bila hesabu ya bamvua, msiende kuokota samaki. Pandeni juu.

Je, wajua kwamba kimbunga Hidaya kilitangazwa siku kadhaa kabla hakijaifikia Mafia, Mei 4, 2024, na kwamba hakuna chombo duniani kinachoweza kufanya hivyo kwa tetemeko? Mamlaka ya Hali ya Hewa hukiona kimbunga kinavyojikusanya. Ufa hauonyeshi dalili ya kuaminika. Modeli ya mtelezo haitabiri siku. Kazi yake ni kusema ni sehemu ipi ya ufa imeshatua mzigo, na ni sehemu ipi ya jirani imeongezewa. Anayekuahidi tarehe kwenye WhatsApp anakudanganya.

Je, wajua kwamba siku moja kabla ya tetemeko la Mafia, Agosti 11, 2020, Google ilitangaza mpango wa kuzigeuza simu za Android kuwa vipima-tetemeko? Kila simu ya kisasa ina kifaa kidogo kinachojua ikiwa imeinamishwa au imetikiswa. Ndicho kinachogeuza picha unapoilaza. Simu nyingi zilizotulia mezani zikitikisika kwa wakati mmoja katika mji mmoja, kompyuta inajua si mtoto aliyegonga meza.

Je, wajua ni kipimo gani kimoja kingesaidia zaidi? Kwa maoni yangu, chombo kimoja cha kurekodi matetemeko, kinachofanya kazi mwaka mzima kaskazini mwa Mafia, kina faida kuliko vitano vilivyo mbali bara. Kina cha tetemeko hakipimiki vizuri kutoka mbali. Kinahitaji kituo kilicho karibu, umbali usiozidi sana kina chenyewe. Na bila kina sahihi, mtelezo unaokadiriwa nao unayumba. Kituo cha karibu pia hunasa mitikisiko midogo inayofuata lile kubwa, ile isiyosikika na mtu. Hiyo ikiwekwa kwenye ramani hujipanga kwenye ufa wenyewe, na ule ubishi wa mistari miwili unakwisha. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ndiyo inayosimamia mtandao wa vituo vya taifa, na wabunge wa ukanda wa pwani wangefanya vyema kuiulizia bajeti yake.

Je, wajua kwamba wewe mwenyewe unaweza kuwa kipimo? Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, limekuwa likikusanya kupitia intaneti taarifa za wananchi kuhusu matetemeko tangu 1999, na kituo cha Ulaya cha EMSC kina programu ya simu kwa kazi hiyohiyo. Taarifa nyingi za upande wetu hutoka Dar es Salaam na Nairobi, kwenye intaneti ya haraka, wakati zinazohitajika zaidi ni za Bweni, Kirongwe, Kilindoni, Utende, Chole na Jibondo, karibu na ufa. Safari ijayo ardhi ikitikisika, kwanza jikinge: inama chini ya meza imara, kaa mbali na vioo na makabati, usikimbilie ngazi wakati jengo linayumba. Ikitulia, andika saa, mahali ulipokuwa, ghorofa ya ngapi, kishindo kilitangulia yumbo kwa sekunde ngapi, na nini kilianguka. Kisha peleka taarifa hiyo, hata kama ni mistari miwili tu na hata kama hujasikia chochote, maana "hatukusikia" kutoka Jibondo nayo ni kipimo.